Injinia wa Kalangalala na Boila la Baba

Jumatatu, 16 Juni

Baba amenyang'anywa Bibi.

Naandika tena ili niamini. Baba amenyang'anywa Bibi! Bibi ni boila la kiwanda cha mafuta ya pamba hapa Mhunze. Baba kamlisha moto miaka ishirini na miwili. Anajua anavyokohoa. Mama husema ameolewa uke wenza na chuma, na mwenzake ndiye anayependwa.

Leo meneja, Bwana Telesphori, kawaita wote uwanjani. Kasema kuni basi, maganda ya mbegu basi, kuanzia sasa ni makaa ya mawe kutoka Songwe. Makaa ya mawe ni sayansi. Sayansi inataka cheti. Baba hana cheti. Ana darasa la saba na makovu mawili mkononi. Mwenye cheti ni Deogratias, aliyekuja mwezi wa nne, mwenye helmeti nyeupe asiyoivua hata akinywa chai.

Baba atakuwa msaidizi wake mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo "itaangaliwa". Kila mtu anajua maana ya itaangaliwa.

Jioni kala michembe yake ya viazi vikavu. Halafu kaosha kikombe chake mwenyewe. Baba kuosha kikombe! Hapo ndipo nilipoogopa.

Naungama kitu. Mimi najua boila. Si Bibi, Bibi sijawahi kumgusa, anafoka. Najua yale makubwa. Kwenye sanduku la vitabu vya msaada shuleni, chini ya hadithi za paka na watoto wa Kizungu, kulikuwa na Kitabu. Kurasa mia saba na kumi, Kiingereza kitupu. Maboila ya mitambo ya umeme, marefu kama ghorofa ishirini, yananing'inizwa kutoka juu kama nyama buchani ili yakipata joto yarefuke kwenda chini. Mvuke wa digrii mia sita! Maji yanabanwa mpaka hayachemki tena, yanageuka tu kuwa mvuke, bila povu, bila kelele. Hakuna joto linalotupwa. Hata moshi unaotoka unapasha moto maji yanayoingia. Nimekisoma mara mbili. Kurasa za kemia ya maji niliziruka. Zina fomula.

Ningeweza kwenda kumwambia meneja kuwa mtu anayeujua moto kwa sikio hapatikani kwa cheti. Ningeweza kama ningekuwa mtu mwingine. Mwezi uliopita alisimama kwetu kuuliza njia, nikajificha nyuma ya choo hadi akaondoka. Shikamoo ilinikwama kooni kama mwiba wa sato.

Kwa hiyo inabidi niwe mtu mwingine.

Jumanne, 17 Juni

Nimekuwa mtu mwingine. Anaitwa Injinia Wiliam Onesmo. Anakaa Kalangalala, Geita, kwa sababu Geita kuna migodi, na watu wa huku wanaamini mainjinia wanachimbwa huko pamoja na dhahabu. Ana miaka hamsini na miwili. Kastaafu mapema. Ana kisukari kidogo. Sijui kimetoka wapi, kimekuja chenyewe nilipokuwa namfikiria.

Mama alipokwenda gulioni, simu yake nikaifungulia anwani ya barua pepe. Nikaandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili siwezi kudanganya, uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu. Kwa Kiingereza naweza. Ni kama kuvaa viatu vya mtu: nyayo zinazobaki si zangu.

Injinia amesikia kuwa kiwanda kinahamia makaa ya mawe. Anatoa ushauri, bure. Kwanza, makaa yasagwe yawe laini kama unga, ndivyo wafanyavyo kwenye mitambo mikubwa, yanaungua yote. Pili, maji ya boila yawe safi kuliko ya kunywa, kisitiwe kitu chochote ndani yake. Tatu, asiondolewe mwendeshaji wa zamani, Bwana Boaz, ambaye sifa zake zimefika mpaka Geita.

La tatu ndilo barua. Yale mawili ni mapambo. Mtu hawezi kuandika barua ya kumsifu baba yake peke yake, ingekuwa uchi.

Nimetuma. Nimetuma!

Alhamisi, 19 Juni

Meneja amejibu! Kamshukuru Injinia mara sita. Anauliza kama presha ya Bibi inaweza kupandishwa ifikie ile ya mitambo mikubwa, mia mbili na hamsini.

Kabla Injinia hajawaza la kujibu, Baba kamwokoa bila kujua. Deogratias alimuuliza jambo hilohilo jana kiwandani. Baba kasema inawezekana, ila vipande vya Bibi wataviokotea Mwadui, na vya Deogratias hapohapo. Bibi mwisho wake kumi.

Mchana bombani nikakutana na Salvina. Salvina ni mpwa wa meneja, tuko kidato cha tatu pamoja, na likizo hii anapokea barua ofisini kwa mjomba wake. Anasoma Kiingereza kwa pua. Kanisimulia barua ya Injinia yote, na kunitafsiria ili nielewe. Nimetafsiriwa barua yangu mwenyewe! Na kakosea mahali pawili. Nusura nipasuke.

Kasema mjomba wake kawasomea wafanyakazi wote. Nikauliza, kwa sauti ya mbu, lile la tatu wamelionaje. Kasema la tatu hawajalifikia. Wameishia la pili.

Kwa nini wameishia la pili?

Kwa sababu walikwenda kuangalia tenki la maji la boila, kuhakikisha hamna kitu. Mna kitu. Kiroba! Kimefungwa kamba, kimezamishwa, maji yamekuwa rangi ya chai. Ndani yake magome ya mti. Deogratias karuka nyuma, kapiga ukelele kuwa ni dawa, mzee karoga boila, ndiyo maana halimkubali mtu mwingine. Meneja kauliza cha nani. Baba kasema, "Changu."

Changu! Hakusita hata.

Baba karudi saa nne asubuhi. Tangu nizaliwe Baba hajawahi kurudi saa nne asubuhi. Amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Na barua iliyomsimamisha nimeiandika mimi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemuuliza. Ilinichukua asubuhi nzima. Kuku wamefukuzwa bure mara nne nikitafuta pa kuanzia.

Baba hakukasirika. Kasema si dawa ya kuroga, ni magome ya mgunga. Maji ya visima vya Kishapu yana chumvi. Ukiyachemsha kila siku, chumvi inaganda kwenye mabomba ya boila, ukoko mweupe kama wa birika. Moto haupenyi, kuni zinaliwa bure, na siku moja bomba linapasuka. Mzee aliyemfundisha kazi, fundi wa zamani wa Mwadui, alimwonyesha: loweka magome, ile rangi yake haiachi ukoko ushike. Kwa hiyo kila Jumapili akitoka kanisani hupitia porini. Miaka ishirini na miwili! Sisi tulidhani anatembelea ng'ombe wa kaka yake.

Nikauliza kwa nini hakuwaambia. Kasema, "Ng'wanawane, hawakuniuliza."

Nikakimbilia Kitabu. Zile kurasa nilizoziruka. Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili, chini kabisa, maandishi madogo kama mayai ya chawa: katika maboila madogo ya zamani, magome ya miti yalitumika kuzuia ukoko.

Nilikaa na Kitabu kichwani muda mrefu.

Mama karudi bombani mapema na ndoo zote zimejaa. Foleni ilikuwa ndefu, kasema, lakini wote walimpisha. Kasema wamempisha kama mtu mwenye upele.

Jumamosi, 21 Juni

Injinia kaandika tena. Amefikiri upya, magome yanafaa sana, mzee Boaz arudishwe mara moja.

Meneja kajibu ndani ya saa moja. Barua ya kwanza ilikataza kitu chochote, ya pili inasifu magome, wafuate ipi? Anaomba Injinia aje mwenyewe, usafiri watamtumia. Injinia kajibu kuwa kisukari kimepanda. Meneja kampa pole. Basi, suala la maji litasubiri afya yake, wao wanaendelea na la kwanza, la kusaga makaa.

La kusaga! Nilikuwa nimelisahau kabisa.

Lakini watasagia nini? Kwenye Kitabu ile mashine ni kubwa kama nyumba yetu, ina mapande ya chuma yanayobingirika. Hapa Mhunze haipo. Watashindwa, wataacha. Nimetulia.

Jumatatu, 23 Juni

Hawakushindwa.

Mama kasonga ugali wa mchana. Umetoka wa kijivu. Kaunusa. Kasema hata udaga wa muhogo ulionyeshewa hauko hivi. Baba kafinya tonge, katia mdomoni, katafuna polepole macho yamefumba, kama mtu anayesikiliza. Kisha kasema neno moja. "Songwe."

Mayo wane! Deogratias kasagia makaa ya mawe kwenye mashine ya unga ya Asteria! Ile ya nyuma ya soko! Viroba vitatu, alfajiri, kabla Asteria hajafika. Kaiwasha mwenyewe kwa kuwa ana cheti. Kafagia kidogo, kaondoka. Halafu mahindi ya watu yakapita humohumo mpaka saa sita.

Mhunze nzima imekula Songwe. Mama kanituma dagaa, nikapata sababu ya kwenda sokoni kuhakikisha, nikajibanza nyuma ya mafungu ya dagaa. Asteria alikuwa kamshika Deogratias mkanda wa suruali.

"Wewe Deo! Mashine hii inasagia watoto uji! Unaniletea mawe? Mama yako alikuachisha ziwa kwa mawe?"

Deogratias kasema si yeye, ni maelekezo ya Injinia, ni teknolojia.

"Mlete huyo teknolojia wako, naye nimsage!"

Watu wakacheka. Mimi nikahisi napita katikati ya mawe ya mashine, taratibu, kuanzia miguuni.

Kisha sauti moja nyuma ikasema kuwa mzee Boaz alipokuwa kazini ugali ulikuwa mweupe. Kicheko kikakatika. Mwingine kasema kweli, tangu kile kiroba kitolewe. Asteria ana vumbi la makaa kiganjani, wanaliona, linametameta juani, na bado wanasema ni Baba kawarudishia! Nimeduwaa. Nimerudi nyumbani bila dagaa niliyotumwa.

Jumatano, 25 Juni

Leo wameuchoma ule unga.

Kwenye maboila makubwa unga wa makaa hupulizwa pamoja na hewa. Unaungua ukielea, sekunde moja, mbili, haugusi chini. Sura ya nne imeeleza vizuri. Mimi kwenye barua sikueleza. Nilitaka barua iwe fupi.

Bibi hana cha kupulizia. Ana wavu wa chuma, na mtu mwenye koleo. Deogratias kajaza koleo unga, karusha.

Mlango wa tanuru ukatoa ulimi. Ulimi mmoja tu, mrefu, ukamlamba uso na kurudi ndani. Ni mzima, Mungu asifiwe, nimesali kwa kweli si kwa mdomo. Nyusi zote mbili hazipo. Helmeti haina hata doa.

Unga uliobaki ukapanda dohani bila kuungua, ukatoka juu, ukatafuta pa kutua. Uwanjani kulikuwa na pamba. Pamba ya msimu mzima ya watu wa Kishapu, mlima mweupe. Sasa ina madoadoa kama kanga wa porini. Niliona kwa macho yangu kupitia kwenye uzio: baba mmoja mtu mzima, mkulima, amepiga magoti, anaifuta kwa leso. Tonge moja. Halafu tonge jingine.

Nimetamani aniangalie anitukane. Hakujua nipo.

Meneja kaamuru Bibi azimwe. Bila mvuke mbegu haziivi, bila kuiva hakuna mafuta. Bibi asipowaka tena mapema, kasema, hahitajiki mwendeshaji yeyote, mwenye cheti wala asiye nacho. Na kamwandikia Injinia: afike kabla ya Jumanne ajieleze, au jina lake linapelekwa kwenye bodi ya wahandisi. Kaandika kwa Kiswahili. Bwana Telesphori akiacha Kiingereza, ujue nyumba inaungua.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemuua Injinia.

Kisukari. Alfajiri, kwa utulivu. Barua imeandikwa na mjane wake, Mama Juliana. Sikuona njia nyingine, maiti hapelekwi kwenye bodi. Nililia kidogo nikiandika, nilikuwa nimeshamzoea. Kabla hajakata roho, anasema mjane, alitamka jina la mtu asiyemfahamu: Boaz.

Hilo mwisho limenijia vizuri sana. Sasa yamekwisha.

Ijumaa, 27 Juni

Hayajaisha! Yameanza!

Kiwanda kimesimama dakika moja kimya. Deogratias kavua helmeti, na watu kwa mara ya kwanza wameona kichwa chake, wanasema ni kidogo. Salvina kasoma wasifu wa marehemu. Wasifu upi? Kautunga! Kasema marehemu alisomea Ujerumani. Nani kamruhusu kumpeleka Injinia wangu Ujerumani? Mtu anatunga uongo mbele ya wafanyakazi wote, haoni haya!

Wamechanga rambirambi. Jumapili wanakwenda Kalangalala kuhani, na gari la kiwanda. Meneja, Deogratias, na, kwa kuwa marehemu alimtaja kwenye pumzi ya mwisho, Baba.

Mjane kaandika haraka. Mazishi yamekwisha. Watu wametawanyika. Nyumba ni ndogo. Kuna mbwa. Meneja kajibu kuwa msiba haukimbiwi, na mbwa anazoeleka.

Mama anapiga pasi koti la Baba. Baba kakaa na fulana, anafanya mazoezi ya kutoa pole kwa sauti ndogo. Nimefungua mdomo niseme. Mara tisa. Mara ya kumi kaniuliza kama ni jino. Nikasema ndiyo. Kanipa karafuu.

Jumapili, 29 Juni

Wameondoka kabla ya jua. Nimebaki na karafuu mdomoni.

Sasa watakuwa Misungwi. Sasa wako juu ya daraja jipya la Busisi, meneja anataka wasimame wapige picha. Sasa Sengerema. Sasa Geita. Sasa wanauliza nyumba ya marehemu Injinia Wiliam. Sasa wanaambiwa hakuna marehemu huyo. Sasa Baba, mwenye koti, na bahasha ya wenzake mkononi, anatazama chini.

Sikula. Mama kasema jino gani hili linaloumiza tumbo.

Jioni. Hawajarudi.

Jumatatu, 30 Juni

Wameukuta msiba!

Naandika polepole, labda nitaelewa. Waliuliza Kalangalala msiba wa Injinia Wiliam uko wapi. WAKAONYESHWA! Kwa kidole! Turubai, viti, masufuria, wanawake wanachambua mchele. Wiliam wa kweli, amekufa kweli, wiki hiihii! Alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kuvunjia mawe ya dhahabu, na wachimbaji wote walimwita Injinia. Baba kasema kule kila mwenye spana ni injinia.

Mjane hakushangaa hata kidogo. Marehemu alikuwa na marafiki kila mahali. Meneja kasimama, kashukuru kwa ushauri wa marehemu kuhusu kusaga mawe. Watu wa makarasha wakatikisa vichwa: kusaga, alijua. Deogratias kalia kwa sauti, na kwa kuwa hana nyusi, wenyeji walidhani ni mila ya msiba ya huku kwetu, wakamwekea kiti cha mbele. Baba kasema maneno machache. Kasema hakumjua marehemu, ila marehemu alimjua yeye, na si watu wengi waliowahi. Wakalala huko. Wamepewa jogoo wa kurudi naye.

Je, nimemuua? Nimeuliza kwa ujanja alikufa lini. Jumatano. Mimi nimeandika Alhamisi. Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Jumatano iko mbele ya Alhamisi. Sijaua.

Hayo bado si makubwa. Msibani alikuwepo dada wa marehemu, anaitwa Rhoda, na Rhoda ni mkaguzi wa maboila Mwanza! Walikuwa sahani moja ya pilau na Baba. Baba, kwa kuwa aliulizwa kazi, kamsimulia magome. Rhoda hakucheka. Kaweka tonge chini. Kauliza mti gani, kiasi gani, miaka mingapi. Kisha kamgeukia meneja kasema Jumatano anakuja, Bibi afunguliwe mbele yake. Akikuta uchafu ndani, mzee asirudi tena kwenye boila lolote. Baba kajibu sawa.

Sawa! Miaka ishirini na miwili yote imewekwa juu ya sawa.

Jumatano, 2 Julai

Nilipeleka chakula cha Baba kiwandani, nikabaki nyuma ya mlango wa chumba cha boila. Watu walijaa. Bibi amepoa wiki nzima, kimya, kama mgonjwa aliyevuliwa nguo. Mkaguzi Rhoda kaingia kwenye tundu na tochi, kichwa, mabega, kiuno. Miguu tu nje. Deogratias kasema, ili wote wasikie, kuwa atakutana na hirizi humo.

Baba alikuwa anasugua kovu lake.

Mkaguzi katoka na masizi puani. Kasema njoo uone, Bwana meneja. Meneja kaingiza kichwa. Karudi kinywa wazi. Mabomba ya miaka ishirini na miwili, laini kama sufuria iliyosuguliwa jana! Ukoko hakuna, ila kijivumbi cheupe chembamba juujuu. Mkaguzi kakipitishia kidole. Kasema hicho ni cha siku sita, tangu kiroba kilipotolewa hadi moto ulipozimwa. Kilichomo kwenye magome, viwanda vingine wananunua kwenye mapipa. Ila ipimwe, mzee, isiwe kwa konzi. Baba kasema konzi yake haijawahi kubadilika.

Mtu mmoja kapiga makofi. Halafu wote. Deogratias naye, mwishoni.

Ningeondoka hapo! Lakini mkaguzi kaomba kuziona barua za kaka yake. Salvina kazileta mbiombio. Mkaguzi kasoma. Kasoma tena. Kasema taratibu kuwa marehemu kaka yake hakujua Kiingereza hata cha kuagizia soda.

Kasema aliyeandika hizi kasoma habari za maboila makubwa sana, ya umeme, na kasoma vizuri, na hajawahi kushika koleo maishani mwake. Nikaangusha hotipoti. Wali ukasambaa hadi kwenye viatu vyake. Kainama kunisaidia kuokota, na huko chini, bila kunitazama, kauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Habari ya kusaga makaa iko ukurasa gani?"

"Mia moja na themanini," nikasema.

Mdomo ulijibu wenyewe! Mdomo ulioshindwa shikamoo miaka yote hii!

Mkaguzi kasimama, kakunja barua, kazitia mfukoni. Kawaambia hizi ni za familia, anaondoka nazo, na uchunguzi umefungwa. Mzee arudi kazini leo. Makaa yachomwe ya vipande, unga ni wa ugali. Ila mwezi wa tisa mzee afanye mtihani wa cheti, maana siku akija mkaguzi mwingine, hataingia mwenyewe tunduni, ataomba cheti.

Jioni tulirudi pamoja. Karibu na nyumbani Baba kasema kwenye picha iliyowekwa pale msibani, marehemu hakufanana na barua zake. Kasema barua zile zilikuwa na woga ndani yake, na woga ule anaujua, ameulea. Nikatazama miguu yangu. Uso uliwaka, machozi yakaja yenyewe.

"Basi," kasema. "Ila asife tena mtu."

Nimeapa.

Ijumaa, 4 Julai

Bibi anawaka! Moshi mwembamba. Wakulima wanaleta mbegu, na pamba yenye madoa inatolewa doa moja moja, Deogratias yumo, kwa mkono, kwa adhabu. Bombani leo Mama kasimama foleni kama watu. Karudi kachoka, kafurahi.

Baba ameleta fomu ya mtihani wa cheti. Inataka barua ya mtaalamu anayeijua kazi yake. Isipopatikana hapokelewi, na asipopata cheti Bibi anakwenda kwa mwingine, safari hii moja kwa moja. Kasema hakuna tatizo, kesho atampigia simu Mkaguzi Rhoda, amwombe.

Nimeduwaa. Amwombe? Kwa mdomo? Hivihivi, mtu anamwambia mtu anachotaka? Na akikataa? Watu wakiombwa jambo waziwazi hapo ndipo wanapopata nafasi ya kukataa!

Nimewaza mchana kutwa. Kiapo nakiheshimu. Baba alisema asife tena mtu, na mimi si mtoto wa kuvunja neno la Baba. Kwa hiyo Daktari Suzana wa Ushirombo, bingwa wa maboila, ana miaka thelathini na mmoja tu. Hukimbia kila asubuhi. Hali sukari. Wazazi wake wote wawili wako hai, na bibi zake pia. Barua yake, kwa Kiingereza, kumsihi Mkaguzi Rhoda amwandikie mzee Boaz, imeondoka saa kumi na dakika tano.

Huyu hafi.